Hodi Kabla ya Kufunga

Nimetengeneza milango ya chuma zaidi ya arobaini, na ni mmoja tu ulionifanya nijikojolee. Sioni haya kulisema. Waliokuwapo Busia siku ile ya Januari mwaka 1964 waliiona suruali yangu, na wasiokuwapo wameshasimuliwa.

Jina langu ni Ikwap, Mteso wa Tororo, fundi wa chuma. Kazi nilifunzwa na Kalasinga mmoja aliyekuwa akinizaba kofi kila nilipoacha mshono wenye tundu, na ndiyo maana mishono yangu haina matundu. Nina hasira za karibu. Mke wangu Benedeta husema mimi huchemka kabla ya birika. Lakini kazi yangu hakuna anayeilalamikia, na ubaya wa kisa hiki unaanzia hapo, maana laiti ningekuwa fundi mbovu, siku ile tungeuvunja mlango kwa teke tukaenda zetu nyumbani.

Miezi ile wezi walikuwa wametuchezea vya kutosha. Wanavunja duka upande wa Uganda, kisha wanakwenda kunywa pombe upande wa Kenya, na polisi wa huku hawawezi kuvuka kuwafuata. Milango ya mbao waliing'oa kama mtu anayemenya muhindi. Chama cha wakulima wa pamba kilipojenga ofisi mpya pale Busia, kikataka chumba cha hazina chenye mlango wa chuma. Katibu wa chama, Bwana Oguttu, mtu mfupi mwenye maneno marefu, alinifuata mpaka karakana yangu Tororo.

"Fundi," akaniambia, "mimi nataka mlango ile hata wewe mwenyewe hawezi kuvunja."

Nikacheka. Kisha nikamtengenezea hicho hicho alichokitaka.

Bamba lake lilikuwa nene kama kidole. Mlango ulifunguka kuelekea ndani, na bawaba ziliwekwa ndani, ili mwizi aliye nje asipate cha kukata. Ukiuvuta ukafunga, komeo linaanguka lenyewe, na tundu la ufunguo liko nje tu. Upande wa ndani nilikuwa nimeweka kishikio cha kuinulia komeo, mtu asije akafungiwa humo. Bwana Oguttu alipokiona akakunja uso. Mwizi akinaswa ndani, alisema, abaki mle mpaka polisi wafike, kwa nini tumwekee njia? Nilibishana naye kidogo, kisha nikakikata. Tundu la hewa nalo akaagiza lizibwe kwa tofali, kwa kuwa alisikia wako wezi wanaopitisha ndoano zenye mpini mrefu. Nikaliziba. Nayaeleza haya ili ujue kwamba yote yaliyotokea baadaye niliyatengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Benedeta ni Msamia wa Lunyo, na mama yake anaitwa Taaka. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa, Benedeta ana mimba ya miezi saba, na uso wa mama yake sikuwahi kuuona. Kwetu Wateso na kwao Wasamia jambo hili ni moja. Mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawagusani, wala mmoja hagusi nguo ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ukiuvunja mwiko huo, tuliambiwa tangu utoto, mwili wako hutetemeka mpaka kaburini, na mtoto wako wa kwanza huzaliwa hana nguvu. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na kanisani nakaa benchi la pili. Lakini mama mkwe akitokea, hata wa benchi la kwanza huingia kichakani.

Siku ile nilikuwa karibu namaliza. Mitungi yangu ya gesi ya kuchomelea ilikuwa imerudi Tororo asubuhi kwa lori. Sanduku la vifaa lilikuwa ndani ya chumba, na koti langu nililitundika mle mle kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu ya joto. Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa koti. Ulikuwa mmoja tu, bapa, nimeuchonga mwenyewe kwa tupa, na wa pili nilikuwa sijauanza. Kazi ya mwisho ilikuwa kupaka kuta za ndani lami, ili unyevu na mchwa visile vitabu vya chama. Nikapaka. Harufu yake ilikuwa inachoma macho, ukikaa mle dakika kumi unatoka na kizunguzungu. Nikauacha mlango wazi lami ikauke, nikaenda kunywa chai kwa Awor.

Awor ni mwanamke wa Kipadhola aliyekuwa akiuza chai na mihogo kando ya ukuta wa ofisi, na hana jambo asilolijua. Aliponiwekea kikombe akaanza kunitania.

"Fundi, leo chunga macho yako. Wanawake ya Lunyo nafika na pamba. Mkwe wako iko kati yao."

"Iko wapi?"

"Kwa mizani. Wewe kula muhogo yako, tazama chini."

Nikatazama chini. Nilipomaliza chai nilirudi ofisini nimeinamisha kichwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, sioni kitu ila vidole vyangu vya miguu. Niliingia mlango mkubwa hivyo hivyo. Nikasikia nguo ya gomesi ikichakarika na nyayo za mtu anayekwenda mbio mbele yangu, na nikajua ni mwanamke anayenikwepa. Nilizidi kuinama. Sikutaka hata kujua nyayo zile zimeishia wapi.

Mara Bwana Oguttu akaingia nyuma yangu na wajumbe wawili wa kamati, akawa anawaonyesha mlango kama baba anayemwonyesha bi harusi.

"Fundi, funga, hawa nasikia mlio yake," akasema.

"Lami bado mbichi."

"Mara moja tu."

Ningeinua kichwa, ningemwona mtu. Ningeinua kichwa, ningeliona hata koti langu, nikakumbuka ufunguo uko wapi. Lakini nilikuwa nimesikia nyayo za mwanamke katika chumba kile kikubwa, nami nilikuwa mkwe mwenye adabu. Nikageuzia uso wangu ukutani, nikanyoosha mkono nikaushika mlango bila kuutazama, nikauvuta.

Ulilia kama kengele ya kanisa, kisha komeo likaanguka. Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja wao akausukuma kwa bega, akausukuma tena, akatikisa kichwa kwa furaha.

Hapo nikakumbuka koti. Sikuogopa, nilikasirika tu, na nikajitukana kwa Kiteso kimoyomoyo huku nikifikiria jinsi ya kumweleza Bwana Oguttu kwamba fundi hodari amejifungia ufunguo wake. Nilikuwa bado natafuta maneno Awor alipoingia akifuta mikono kwenye aproni.

"Fundi, mkwe wako natokea mlango gani?"

"Mimi najua wapi? Mimi natazama chini."

"Mimi naona wewe nakuja, yeye nakimbia kuingia hapa. Halafu hatoki." Akaangaza pande zote za ofisi. Kulikuwa na meza mbili, kabati moja la vioo, na ukuta. Macho yake yakatua kwenye mlango wangu. "Ile chumba ilikuwa wazi?"

Nilielewa yote kwa mara moja. Aliponiona nikija hakuwa na kichaka cha kuingilia, basi aliingia chumbani, akajibanza nyuma ya mlango ulio wazi. Na nilipouvuta hakupiga kelele, kwa sababu aliyekuwa akiuvuta ni mimi, na mwanamke wa Lunyo hampigii mkwe wake kelele. Alinyamaza akafungiwa gizani na lami mbichi.

Halafu nikakumbuka jambo lililokuwa baya kuliko yote. Benedeta alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba mama yake ana pumu. Kila msimu wa pamba kifua humbana mpaka analala ameketi. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hawezi kukaa mle bila kuzimia. Mama Taaka angeweza muda gani? Nusu saa? Sikujua.

"Vunja," akasema Bwana Oguttu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Fundi, vunja mlango."

"Wewe naniambia nini siku ile Tororo?" nikamwuliza. "Wewe nataka mlango gani?"

Nilitaka kumpiga ngumi, na hata leo nikikumbuka mkono unaniwasha.

Askari wa ofisi, Chrispinus, mtu mpana kama kabati, alileta mtaimbo. Tuliuchomeka pembeni mwa mlango tukausukuma sote wanne, mimi, yeye na wajumbe. Mtaimbo ukapinda. Nilikimbia kwa mtengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara nikarudi na nyundo na tindo, nikapiga mahali palipo na komeo mpaka tindo likakatika ncha. Nilikuwa najua mshono ule nimeupitisha mara tatu. Nilipiga huku najua. Ukuta ulikuwa wa tofali mbili zenye nondo kati, na nondo nilizipanga mimi, hata pale nilipoziba tundu la hewa. Mjumbe mmoja alipanda pikipiki kufuata mitungi ya gesi Tororo, lakini kwenda na kurudi kwa barabara ile ya vumbi, na kupata lori la kuibeba, ni mpaka jioni. Jua lilikuwa bado utosini.

Nilipoacha kupiga ili nivute pumzi, tukasikia kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, taratibu, kama mtu anayegonga kwa pete.

Wanawake wa Lunyo waliokuwa kwenye mizani walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni, na mmoja wao akaanza kulia. Mimi nilitetemeka mwili mzima. Nikajiambia, tazama, kutetemeka kumeanza, mwiko umeshaanza kazi, na hata sijamwona.

Ndipo nikakumbuka upenyo. Sakafu ilikuwa haijapigwa saruji ya mwisho, na chini ya mlango palibaki nafasi ya unene wa sarafu mbili. Ufunguo wangu ulikuwa bapa. Akiutoa kwenye koti akausukuma pale chini, ungepita.

"Awor," nikasema, "lala chini umwambie."

Sikuthubutu mwenyewe. Awor akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye upenyo. "Mama! Ufunguo iko ndani ya koti. Koti iko kwa msumari, nyuma ya mlango. Toa, sukuma hapa chini."

Tukangoja. Ikaja sauti, mara ya kwanza katika maisha yangu kuisikia, sauti ya mtu anayevuta hewa kupitia tundu la sindano.

"Koti ya nani?"

Awor akaniangalia. Nikamwonyesha Oguttu kwa kidole.

"Ya Bwana Oguttu," Awor akasema.

Sauti ya ndani ikarudi: "Oguttu navaa koti yake leo. Mimi naona yeye." Akakohoa, kikohozi kirefu kilichokatika njiani. "Hiyo ni ya mkwe wangu. Mimi hapana gusa."

"Mama, utakufa!"

"Hapana gusa. Benedeta iko na mimba."

Bwana Oguttu akajirusha chini naye, akaanza kutoa amri kwa jina la kamati na chama na serikali. Alikuwa akimwamuru mwanamke ambaye alikuwa amekubali kufa ili mtoto wangu azaliwe na nguvu. Nikamvuta mguu nikamtoa pale. Kule ndani pumzi ilikuwa ikisikika sasa bila hata kuweka sikio, inapanda, inakwama, inashuka kwa mluzi, na kila ikishuka inachelewa zaidi kupanda.

Wazee husema heshima si utumwa. Mimi siku zote nilidhani ni maneno ya kuwaambia watoto wasalimie watu. Siku ile nililala kifudifudi kwenye sakafu ya vumbi, harufu ya lami ikinipiga usoni kupitia upenyo, nikafumba macho ingawa hakukuwa na cha kuona, nikasema neno ambalo mkwe hasemi.

"Mama."

Pumzi ya ndani ikasimama.

"Mama, ni mimi Ikwap. Usijibu. Sikiliza tu. Mwiko nimeuvunja mimi, nimesema na wewe mbele ya watu, mzigo ni wangu, si wako. Benedeta akiniuliza, nimwambie nini? Nimwambie mama yako amekufa kwa kunipa heshima? Mtoto akizaliwa, nimwambie bibi yako alikuwa na ufunguo juu ya kichwa chake akakataa, sababu ya koti la baba yako? Mimi sitaki heshima hiyo. Nakuomba. Koti ni kitambaa tu, mama. Kama si kwa ajili yangu, fanya kwa ajili ya binti yako."

Nilisema na mengine ambayo siyakumbuki. Awor anasema nililia, na kwamba nilichanganya Kiswahili na Kiteso mpaka mwisho ikawa Kiteso kitupu. Nilipoishiwa maneno nikageuza shavu nikatega sikio kwenye upenyo.

Hapakuwa na sauti. Hapakuwa na mluzi, wala kikohozi, wala mkwaruzo. Nilingoja pumzi ipande na haikupanda. Chuma kilikuwa baridi kwenye sikio langu, na nikaona wazi kabisa mbele yangu jinsi nitakavyoingia nyumbani, Benedeta akiinuka kwa shida na tumbo lake kunipokea. Hapo ndipo nilipojikojolea. Nilihisi joto likishuka mapajani na sikujali.

Kisha kitu kikakwaruza sakafu.

Nilifumbua macho. Chini ya mlango ilikuwa imetokeza ncha ya kitambaa cha kijani, kitambaa cha kichwani. Ikasogea. Ikasogea tena, na ndani yake nikaona umbo la chuma. Alikuwa ameuzungushia mkono wake kitambaa chake mwenyewe, akautoa ufunguo mfukoni bila ngozi yake kugusa koti langu. Kitambaa kilikuja nusu kidole, kikasimama. Tukangoja kiendelee. Hakikuendelea.

"Sukuma, mama," Awor akaita. "Kidogo tu."

Hakukuwa na mtu wa kusukuma tena. Nilichomoa spoku kwenye baiskeli iliyokuwa imeegemezwa nje, sijui ya nani, nikaipinda ncha kwa meno. Mara mbili niliusukuma ufunguo ndani badala ya kuuvuta. Mara ya tatu ndoano ikashika kitambaa. Nikavuta polepole, na ufunguo ukatoka umelala ndani ya kijani kama mtoto kwenye nguo.

Komeo likainuka. Nikausukuma mlango, ukaenda upana wa vidole viwili, ukagota kwenye kitu laini.

Nilijua ni nini. Alikuwa ameangukia mlangoni, mahali pale alipokuwa akisukuma. Mlango unaofunguka kuelekea ndani, ili mwizi asipate bawaba! Tuliusukuma mimi na Chrispinus kidogo kidogo, uzito wote ule wa chuma, nami niliogopa kusikia mfupa ukivunjika. Alisogea sakafuni pamoja nao. Ilipopatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba, Awor alijaribu kupita akakwama kifuani, akajitoa huku macho yanamtiririka kwa lami. Chrispinus hata kichwa hakikuingia vizuri. Wanawake wa Lunyo, kila mmoja mpana kuliko Awor, walinitazama mimi. Mimi ni mwembamba, na kila mtu pale aliona hivyo.

"Fumba macho," akasema Awor. Hakuwa akitania.

Nikafumba, nikaingia ubavuubavu. Ndani palikuwa na joto la tanuri na harufu iliyoniingia hadi kwenye meno. Nilipapasa nikagusa mkono, nikagusa bega, nikapitisha mikono chini yake. Nilikuwa namgusa mama mkwe wangu, na radi haikunipiga. Nilimwinua. Nilitegemea mzigo, lakini alikuwa mwepesi kiasi kwamba karibu nianguke kwa nyuma, na kichwa chake kisichokuwa na kitambaa kikaniangukia shingoni.

"Kushoto," Awor akaniongoza. "Inama. Hapo iko meza. Sasa mlango mkubwa. Ngazi moja. Ngazi ingine."

Nilisikia jua usoni. Nikasikia majani chini ya miguu, nikapiga magoti nikamlaza, nikageuka, nikatembea mpaka nilipogonga uzio kwa paji la uso. Hapo ndipo nilipofumbua macho, nikiwa nimeupa mgongo umati wote. Nyuma yangu wanawake walikuwa wakimpepea na kumwita kwa jina, Taaka, Taaka, na jina lile halikujibiwa. Niliushika waya wa uzio kwa mikono miwili. Nilihesabu nguzo, zilikuwa kumi na moja, nikazihesabu tena.

Nikiwa kwenye nguzo ya saba, akakohoa.

Sijawahi kusikia kikohozi kizuri kama kile. Kilifuatiwa na kingine, na kingine, halafu mluzi, halafu sauti ya mwanamke akimwambia kwa Kisamia atulie, hewa ipo. Nilikaa chini pale pale, nikiwa na suruali mbichi, na hakuna aliyenicheka mpaka siku ya pili.

Usidhani hofu iliishia hapo. Nilikuwa nimesema naye na nimembeba, mbele ya wanawake kumi na watatu wa Lunyo wenye midomo. Wiki tatu nililala kwa vipande. Kila Benedeta aliposhika tumbo nilimwuliza kama mtoto anacheza, mpaka akanitukana. Mwishowe akaja Egesa, kaka yake mkubwa. Alikaa, akanywa maji, akakohoa kidogo kama mtu aliyetumwa na ukoo.

"Mama nauliza kitu moja tu," akasema. "Siku ile wewe nabeba yeye, nafumba macho?"

"Nilifumba. Awor ni shahidi."

"Yeye pia nafumba. Anasema yeye kwanza naamka ndani ya mikono yako, najua ni wewe, anafumba tena mpaka wewe nakwenda." Egesa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama nasema, watu wawili hawaonani, kesi iko wapi? Hiyo maneno wewe nasema kwa mlango, yeye nasema nasikia mlango tu."

Binti yetu alizaliwa Machi, ana nguvu za kuchosha nyumba nzima. Watu wa Lunyo wakimwona hushika midomo, wanasema amefanana na bibi yake kama shilingi kwa ya pili. Mimi siwezi kuwakatalia wala kuwaunga mkono. Bibi yake nikimwona mbali kwa kitambaa chake cha kijani naingia kichakani, na yeye akiniwahi huingia yeye.

Mlango wa Busia nilirudi kuufanyia kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Niliweka kishikio cha ndani, nikatoboa tundu la hewa, na Bwana Oguttu alisimama pembeni akitazama tu. Tangu siku hiyo, mlango wowote nikitaka kuufunga, hata wa choo, kwanza napiga hodi. Mafundi wenzangu wa Tororo waliligeuza mzaha. Watu hupiga hodi kuingia, husema, Ikwap anapiga hodi kutoka.

Mwaka 1968 nilikuwa nimemaliza mlango wa ghala moja la kahawa, umesimama karakanani kwenye fremu yake, nyuma yake kuna kijichumba cha bati ninachowekea rangi na mitungi. Ilikuwa saa sita mchana, nina njaa na nina hasira na mteja. Nilishika kishikio nikiwa nimeshageukia barabarani.

"Hodi," nikasema, kwa mazoea tu.

"Karibu," ikajibu sauti ndogo kutoka gizani.

Niliusukuma mlango. Binti yangu alikuwa amechutama nyuma yake kati ya madebe ya rangi, amejibana asionekane, mkono mdomoni kuzuia kicheko. Alipoona nimemwona akaacha kucheka, maana aliuona uso wangu. Nami niliutazama wake, uso ambao watu wa Lunyo wanasema ni wa bibi yake, mpaka akaniuliza kwa nini natetemeka.

Nilimwinua nikamtoa nje. Mlango ule sikuufunga siku hiyo, wala siku iliyofuata.